Programu Tusizoziomba: Historia Fupi ya Simujanja na Haki ya Kufuta

Watu wawili wakibishana kuhusu simu, mmoja akisifu iPhone na mwingine Samsung au Tecno, mara nyingi watabishania kamera, betri na bei. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: ni simu ipi kati ya hizi itakayoniruhusu kufuta nisichokitaka? Hata hivyo, tangu simujanja zianze kuenea, swali hilo limefikishwa kwenye mahakama, wizara na tume za serikali katika nchi mbalimbali. Insha hii inaeleza programu zinazowekwa kiwandani zilivyoingia kwenye simu, nani alinufaika nazo, na watumiaji walivyopata haki ya kuziondoa. Hoja yangu ni kwamba kampuni hazikuitoa haki hiyo kwa ukarimu. Ilipatikana zaidi pale sheria, mahakama au ushindani wa soko ulipozibana, na wenye simu za bei nafuu ndio wanaofikiwa mwisho.

Chanzo cha mgogoro huu ni kompyuta. Katika miaka ya 1990, Microsoft iliunganisha kivinjari chake, Internet Explorer, na mfumo wa Windows, wakati kampuni ya Netscape ikiuza kivinjari kilichopendwa na wengi. Mei 1998 serikali ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa iliishtaki Microsoft kwa kutumia nguvu zake sokoni isivyo halali. Microsoft ilijitetea kwamba kivinjari hicho ni sehemu ya Windows, na kukitoa ni kuuharibu mfumo wenyewe. Edward Felten, profesa wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliieleza mahakama kwamba yeye na wasaidizi wake walikuwa wameandika programu ya kukiondoa. Kesi iliendelea kwa miaka kadhaa, na maafikiano ya mwaka 2001 yaliwapa watumiaji na watengenezaji wa kompyuta uwezo wa kuficha alama za programu hizo. Neno kuficha linafaa kukumbukwa, kwa sababu kuficha si kufuta, na tofauti hiyo ilikuja kuhamia kwenye simu.

Kabla ya mwaka 2007, hasa Marekani, kampuni za mitandao ndizo zilizokuwa na sauti kubwa juu ya kilichomo ndani ya simu. Ziliagiza simu, zikabandika nembo zao na kuweka huduma zao. Steve Jobs alipoitambulisha iPhone Januari 2007, Apple ilikataa utaratibu huo. Simu iliuzwa kupitia mtandao mmoja tu wa Marekani, lakini yaliyomo yaliamuliwa na Apple peke yake. Novemba mwaka huohuo Google na washirika wake walitangaza Android, na simu ya kwanza ya mfumo huo, T-Mobile G1, ikatoka mwaka 2008. Android ilitolewa bila malipo, na kila mtengenezaji aliweza kuibadilisha. Uhuru huo uliwapendeza watengenezaji na mitandao, kwa kuwa nafasi ndani ya simu iligeuka kiwanja cha kukodisha. Mfano mmoja ni simu ya Samsung Fascinate, iliyouzwa na mtandao wa Verizon mwaka 2010. Ingawa ilitumia mfumo wa Google, huduma yake ya kutafuta ilikuwa Bing ya Microsoft, na mnunuzi hakuwekewa njia ya kawaida ya kuibadilisha.

Ni kosa kudhani kwamba Apple ilikuwa mtetezi wa mtumiaji katika jambo hili. Iliwazuia wengine kuweka programu zao kiwandani, lakini za kwake hazikugusika. Kwa miaka mingi wenye iPhone walizikusanya programu za hisa, dira na nyinginezo katika folda moja wasiyoifungua. Ni mfumo wa iOS 10, wa Septemba 2016, uliowaruhusu kuziondoa baadhi. Miaka miwili kabla ya hapo, Septemba 2014, Apple iliiweka albamu ya kundi la U2 katika akaunti za wateja wake wa iTunes bila wao kuiomba. Haikuwa programu bali muziki wa bure, lakini malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba ndani ya siku chache kampuni ililazimika kutengeneza ukurasa maalumu wa kuiondoa. Watu walikerwa kwa sababu mtu mwingine aliingia kwenye simu zao bila kubisha hodi.

Katika kipindi hichohicho yalianza kutolewa malinganisho ya simu yenye takwimu. Mwanzoni mwa 2014, shirika la watetezi wa walaji la Uingereza, Which?, lililinganisha simu zilizoandikwa kuwa na hifadhi ya GB 16. Katika iPhone 5C mnunuzi alibakiwa na GB 12.6 za kutumia. Katika Samsung Galaxy S4 alibakiwa na GB 8.56, yaani zaidi kidogo ya nusu. Sehemu iliyobaki ilikuwa imeshikwa na mfumo pamoja na programu za mtengenezaji. Simu hizo ziliandikwa kipimo kimoja dukani, lakini hazikumpa mnunuzi kitu kimoja.

Bara la Asia liliitafsiri hoja hiyo kuwa kanuni. Januari 2014 serikali ya Korea Kusini, nyumbani kwa Samsung, ilitoa mwongozo kwamba simu mpya zimruhusu mtumiaji kufuta programu zisizo za lazima zilizowekwa kabla ya mauzo. Nchini China, Julai 2015, tume ya kulinda walaji ya Shanghai ilizishtaki Samsung na Oppo baada ya kuchunguza simu 20. Simu moja ya Oppo ilikutwa na programu 71 zilizowekwa awali, na moja ya Samsung ilikuwa na 44. Tume ilidai wanunuzi waelezwe kilichomo kabla ya kulipa, na waonyeshwe namna ya kukiondoa. Baadaye kanuni za serikali zilizoanza kutumika Julai 2017 ziliagiza kwamba programu zisizo za msingi ziweze kufutwa. Kwa hiyo watengenezaji waliodai kwamba kufuta hakuwezekani waliweza kukuruhusu walipoagizwa.

Ulaya iliutazama upande wa ushindani. Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kwamba mtengenezaji aliyetaka duka la Play Store alilazimika kuweka pia programu ya kutafuta ya Google na kivinjari cha Chrome. Mahakama ilipunguza faini hiyo mwaka 2022 hadi yuro bilioni 4.125, ila sehemu kubwa ya uamuzi ilibaki. Tangu Machi 2024, sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya inazitaka kampuni kubwa kurahisisha ufutaji wa programu zao, isipokuwa zile ambazo simu haiwezi kufanya kazi bila hizo.

Kwetu Afrika suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu hapa simu ya bei nafuu ndiyo simu ya watu wengi. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilitangaza kwamba ilikuta programu hasidi za Triada na xHelper katika simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Programu hizo zilijaribu kuwaunganisha watumiaji na huduma za kulipia bila ridhaa yao. Transsion, kampuni mama ya Tecno, ilisema kwamba aliyehusika ni msambazaji mmoja asiyetajwa katika mlolongo wa utengenezaji. Tukiyakubali maelezo hayo, bado yanatuonyesha hatari yenyewe: kabla simu haijafika mkononi mwa mnunuzi, imepitia mikono mingi asiyoijua.

Rwanda ilijaribu njia nyingine. Oktoba 2019 kiwanda cha Mara Phones kilifunguliwa Kigali kikiwa na simu mbili, Mara X na Mara Z, zilizotumia Android One, yaani Android isiyoongezewa mizigo ya mtengenezaji. Bei zake zilikuwa faranga 120,250 na 175,750. Wakati huo simujanja ya bei ya chini ya Tecno ilipatikana kwa faranga 35,000 hivi. Kwa mwananchi wa kawaida pengo hilo lilikuwa kubwa mno. Usafi wa simu ulipatikana, ila kwa mwenye uwezo wa kuulipia.

Wapo wanaotetea programu hizi kwa kusema kwamba malipo ya wanaozitangaza ndiyo yanayoshusha bei ya simu, na kwamba bila hayo maskini asingemiliki simujanja kabisa. Hoja hii ina ukweli wake, lakini haijamaliza hesabu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Programu hizi ni wageni wasioshika jembe: hukalia hifadhi, hunyonya betri, na nyingine hujisasisha kwa kifurushi cha intaneti alichokinunua mwenye simu. Aliyenunua simu kubwa hatahisi. Aliyenunua simu ya GB 8 hufuta picha za wanawe ili apate nafasi, huku programu ya michezo asiyoichagua ikibaki palepale. Punguzo la dukani hulipwa kidogo kidogo nyumbani, bila risiti.

Je, mtumiaji anaweza kujisaidia? Kwa kiasi fulani. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2011, Android inaruhusu kuzima programu nyingi za kiwandani kupitia mipangilio, hivyo haziendi chinichini tena. Wenye ujuzi huunganisha simu na kompyuta na kuziondoa kwa amri za ADB. Lakini hata hapo programu huondolewa kwa mtumiaji huyo tu. Nakala yake hubaki katika sehemu ya mfumo, nafasi yake hairudi, na simu ikirejeshwa katika hali ya kiwandani, mgeni huibuka tena. Kuivunja kabisa kufuli ya mfumo kunaweza kufuta dhamana, na baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi katika simu ya namna hiyo.

Historia hii basi ina ngazi tatu: kuficha, kuzima na kufuta. Wakorea, Wachina na Wazungu wa Ulaya walipanda ngazi hizo kwa kuwa taasisi zao zilihesabu programu, zikapima hifadhi na kudai majibu. Katika nchi zetu, mamlaka za mawasiliano hukagua kama simu ni halisi kabla ya kuruhusu iuzwe. Zinaweza pia kudai mambo mawili yasiyo na gharama kubwa: kasha la simu lionyeshe hifadhi inayobaki kwa mnunuzi, na orodha ya programu zisizofutika. Hapo mabishano yetu kuhusu simu ipi ni bora yatakuwa na kipimo cha nne baada ya kamera, betri na bei, na hata mnunuzi wa simu ya faranga 35,000 ataweza kukitumia.