Kiwanja kitupu mjini: Nani anapaswa kukisajili ili kilipiwe kodi?

Ukiwa na nyumba Dar es Salaam yenye mita ya umeme, kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Jirani mwenye kiwanja kitupu hana mita, hivyo kodi hiyo haimgusi. Yeye anadaiwa pango la ardhi, ila bili inamfikia tu kama kiwanja kimo kwenye kumbukumbu za serikali.

Nani anafanya nini sasa?

- Wizara ya Ardhi: inatunza kumbukumbu za hati na kudai pango la ardhi.
- Kodi ya majengo: tangu 2021 hulipwa kupitia LUKU.
- Halmashauri: inapanga mji na ina maofisa ardhi.
- Mwenye hati: analipa pango kila mwaka, awe amejenga au la.

Pengo liko wapi?

Viwanja vingi vimenunuliwa kwa karatasi ya mauziano tu, iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Havijapimwa wala havina hati. Vingine vina hati lakini vimeshauzwa, na bili bado inatoka kwa jina la mmiliki wa zamani.

Matokeo yake, aliyejenga analipa, huku anayesubiri bei ipande anakaa kimya.

Nani abebe jukumu?

Kumwachia mmiliki ajisajili mwenyewe ni rahisi kwenye karatasi, lakini asiyetaka kulipa hana haraka. TRA inajua kukusanya, ila haijui nani kanunua kichaka kipi. Serikali ya mtaa inajua.

Kwa hiyo njia inayoonekana kufaa ni kugawana kazi: halmashauri iorodheshe viwanja mtaa kwa mtaa, Wizara ihakiki na kuviingiza kwenye ramani, kisha mmiliki apewe namba ya kumbukumbu ya malipo.

Kuna sharti moja: sehemu ya makusanyo ibaki halmashauri. Bila hivyo, inafanya kazi ambayo faida yake inakwenda kwingine.

Kabla hujanunua

Risiti ya kodi si hati. Jina kuwa kwenye orodha ya walipaji hakumalizi mgogoro wa kiwanja kilichouzwa mara mbili. Nenda ofisi ya ardhi, uliza kiwanja kina jina la nani na kinadaiwa pango la miaka mingapi. Ukishanunua, badilisha jina mapema.