Bikizee Anayekimbia

Mara ya kwanza Hawe kuona anime ilikuwa Novemba 2024. Stima zilikuwa zimerudi baada ya kupotea mchana kutwa, nami nilikuwa sebuleni kwetu Mtopanga, Kisauni, naangalia Dandadan kwenye laptop ya kuazima. Hawe ni bibi yangu mzaa mama, na hivyo ndivyo sisi Wagiryama tunavyomwita bibi. Alivuta kigoda akakaa nyuma yangu, akatazama kidogo, kisha akauliza, "Huyo bikizee anamkimbiza mtoto wa nani?"

Kwa ambao hawajaiona: Dandadan ni manga ya Yukinobu Tatsu iliyoanza kutoka Aprili 2021 kwenye Shonen Jump+, na studio ya Science Saru ikaigeuza anime Oktoba 2024. Momo ni msichana anayeamini mizimu lakini haamini viumbe wa sayari nyingine. Okarun ni mvulana anayeamini viumbe wa sayari nyingine lakini mizimu anaiona upuuzi. Wanabishana, kila mmoja anamtuma mwenzake akajionee. Okarun anaingia kwenye handaki la barabara usiku, anakutana na mzimu wa ajuza unaoitwa Turbo Granny, na ajuza anamlaani na kumwibia sehemu zake za siri. Sehemu kubwa ya vichekesho vya msimu wa kwanza ni kijana huyu kutafuta mali yake.

Hawe hasomi maandishi ya chini, kwa hivyo ikabidi niwe DJ Afro wake. Nilipofika hapo kwenye wizi nikaona aibu, nikamwambia ameibiwa viatu. Akasema, "Viatu gani hivyo, mtu ajishike hapo?" Akacheka hadi leso ikamdondoka. Halafu akanyamaza, akauliza swali lililonifanya niandike haya: "Na huko kwao, bikizee kama huyu wanamfanyaje?"

Nilianza kutafuta. Japani nao wamemwogopa bibi kizee tangu zamani. Wana yamauba, ajuza wa milimani ambaye katika hadithi nyingi anawakaribisha wasafiri kisha anawala. Mwaka 1776 mchoraji Toriyama Sekien alitoa kitabu cha picha za mizimu na mashetani, kila mmoja na jina lake, na yamauba akiwemo. Zilipokuja barabara za kasi, ajuza naye akapata kazi mpya: watu wakaanza kusimulia kuhusu bibi anayekimbia sambamba na gari na kugonga dirisha. Huyo ndiye aliyezaa Turbo Granny.

Lakini kati ya Sekien na Tatsu kuna mtu mmoja muhimu, Shigeru Mizuki. Alizaliwa 1922 akakulia Sakaiminato, mji mdogo wa pwani. Kwao alikuwa akija mjane maskini aliyesaidia kazi za nyumba, mtu wa dua na mizimu, watoto wakimwita NonNonBa. Huyu ndiye aliyemfundisha mtoto majina: anayelamba uchafu bafuni ni fulani, anayekufuata nyuma gizani ni fulani. Mizuki akaenda vitani, akapoteza mkono wa kushoto huko Rabaul, akarudi akachora kwa mkono uliobaki. Kitaro wake, mtoto wa mizimu, alianza kwenye manga mwaka 1960 na akaingia kwenye televisheni kama anime 1968. Ukitaka kujua vichekesho vya mizimu kwenye anime vilikotoka, huwezi kumkwepa. Baadaye alimwandikia yule mjane kitabu kizima chenye jina lake, na mwaka 2007 kikashinda tuzo kuu ya tamasha la Angoulême, Ufaransa. Leo barabara moja ya Sakaiminato imepangwa zaidi ya sanamu mia moja za shaba za mizimu ile, na watalii wanapiga nazo selfi.

Mjane maskini anayejua mambo ya mizimu. Fikiria mtu huyo angezaliwa kwetu.

Hawe hakuuliza kuhusu filamu. Yeye ni wa Ganze, kaunti ya Kilifi. Alifika kwetu mwaka 2017, alfajiri, na leso mbili na mfuko wa mahindi. Mtoto wa jirani alikuwa amefariki, na matangani kuna mtu alizitaja mvi zake. Wiki moja kabla, jamaa wa ukoo alikuwa amemuuliza shamba atamwachia nani. Siku chache baadaye akakuta karatasi mlangoni, hakuweza kuisoma, akampa mtoto wa shule amsomee. Hakungoja jua lichomoze.

Kisa chake si cha ajabu, na ndiyo shida yenyewe. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta ardhi chini. Wazee wanapaka nywele piko si kwa urembo. Huko Ganze kuna kituo, Kaya Godoma, kinachowahifadhi waliokimbia kwao.

Je, ilikuwa hivi daima? Sitadanganya kwamba uchawi uliletwa na mzungu. Wagiryama waliuogopa kabla yake, na wazee wa kaya walikuwa na viapo vya kupima tuhuma, vingine vikali mno. Ila tuhuma ilikuwa na mahali pa kupelekwa. Mwaka 1913 mwanamke mjane, mtu mzima, Mekatilili wa Menza, alizunguka akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, akiwakusanya watu wakatae kodi na kazi za kulazimishwa. Ripoti ya ofisa Mwingereza ikamwita mchawi. Oktoba mwaka huo alikamatwa, akapelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti.

Mwaka 1925 ikaja Sheria ya Uchawi, ambayo bado iko vitabuni. Inakataza mtu kumshtaki mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa akipeleka shtaka kwa polisi, kwa chifu au kwa ofisa wa serikali. Yaani serikali ilivunja mahali pa zamani, ikasema njooni kwetu. Na watu wakienda, korti inataka ushahidi ambao uchawi hautoi. Pengo likajazwa na wengine. Miaka ya 1960 mganga Kajiwe wa Rabai alipata umaarufu mkubwa kwa kufichua wachawi. Siku hizi anayejaza ni kijana mwenye panga na mjomba mwenye njaa ya shamba.

Naona tofauti hapo, na sidhani ni kwamba Wajapani ni wema kuliko sisi. Kwao bikizee wa kutisha alichorwa, akapewa jina lake, akawa mtu wa kwenye karatasi. Ukishamchora yamauba, jirani yako si yamauba tena. Ni jirani tu. Sisi tumemwacha mchawi bila sura, na asiye na sura anaweza kuvikwa uso wa yeyote. Mara nyingi anavikwa uso wa mwenye mvi na ekari tatu.

Tuliendelea na Dandadan mimi na Hawe. Bibi ya Momo, Seiko, ni mganga, na Hawe alimpenda papo hapo. Baadaye inafunuliwa kwamba Turbo Granny alikuwa akienda mahali wasichana walipokufa vibaya, akiwaliwaza. Nilipomtafsiria hayo Hawe hakusema kitu. Mwishowe yule ajuza anafungiwa ndani ya sanamu ya paka, anakaa nyumba moja na wale wale aliowatisha, anatukana, wanamzoea. Hawe akasema, "Wamemweka nyumbani." Kisha akaongeza, "Huyu ana mbio, lakini siku ile hangenipata."

Tulicheka wote. Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja siku ile bila sauti yake kushuka.

Jumamosi iliyofuata nilimchanganyia piko kama kawaida. Nilipofika mbele ya kichwa akanishika mkono. "Hapa acha. Mtopanga nani ananijua?" Nikaacha, zikabaki mvi upana wa vidole viwili. Asubuhi alipotoka kwenda kununua mbaazi, nilimwona amefunga kilemba juu yake.