Saanane: Shamba la Mvuvi Lililogeuka Hifadhi

Kisiwa cha miamba kinachotazamana na Capri Point, Mwanza, kilikuwa makazi ya Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi. Serikali ilimlipa fidia akahama, na mwaka 1964 ikaanzishwa pale bustani ya wanyama ya kwanza nchini. Kisiwa kikabaki na jina la mzee huyo, na ni haki kabisa.

Kwa nini kisiwa? Maji yenyewe ni uzio. Baadhi ya wanyama walitunzwa Saanane kabla ya kupelekwa Rubondo, kisiwa kikubwa cha kusini-magharibi ya Ziwa Victoria. Huko Rubondo, kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt aliwaachilia msituni sokwe 17 waliotoka katika bustani za Ulaya. Wengi wao walikuwa wamezoea kulishwa na binadamu, lakini walijifunza kutafuta chakula na kujenga viota, wakazaana. Vizazi vyao vinaishi porini hadi leo. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Saanane ilisubiri hadi 2013.

Kwa mkazi wa Mkolani jijini Mwanza, safari ya Saanane ni nyepesi: daladala hadi mjini, kisha boti ya dakika chache kutoka Capri Point. Kule kuna swala pala, pimbi, kenge wanaoota jua, na mawe makubwa yanayovutia kwa picha. Hifadhi nzima, maji yakiwemo, ni kilomita za mraba 2.18 tu.

Visiwa vina mvuto wa fedha pia. Kule Karibi, Saint Kitts na Nevis imekuwa ikiwapa uraia wageni wanaowekeza tangu 1984, na kununua nyumba ni mojawapo ya njia. Zanzibar nayo inawaruhusu wageni kununua nyumba kule Fumba. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi ardhi asiye raia ila kwa ajili ya uwekezaji, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Nadhani Saanane ingebaki mali ya kuuzika, leo ingekuwa na ukuta na geti, na mtoto wa Mkolani angeitazama kwa mbali.

Hofu yangu iko ufukoni mwa Mwanza kwenyewe, kuanzia Nyegezi hadi Luchelele, ambako kiwanja chenye mandhari ya ziwa kina wateja wengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita hizo ndizo zinazolinda mazalia ya samaki, na ndipo mvuvi anapoanikia dagaa na kuegesha mtumbwi. Jiji liziwekee alama na kuacha njia za umma za kufika majini kabla upimaji wa viwanja vipya haujaanza, maana nyumba ikishasimama, kuibomoa ni kesi ya miaka.