Bakteria wa Maji Moto na Pesa za PCR: Nani Alilipwa?

Kama umewahi kufika Ziwa Bogoria, unaujua mchezo wa mayai. Unayatumbukiza kwenye chemchemi ya maji moto, unangoja dakika kadhaa, unayatoa yakiwa yameiva. Unapiga picha, unaposti, unarudi Nairobi. Hakuna anayejiuliza: kwani ndani ya hayo maji kunaishi nani?

Kuna msee alijiuliza hilo swali, ila si Bogoria. Ni Marekani, miaka ya 1960. Jibu alilopata liko leo karibu kila maabara ya biolojia duniani, na limetengeneza doo nyingi sana. Wacha niwape hiyo stori, kwa sababu inatuhusu.

Wengi wetu tulilisikia neno PCR mwaka 2020, ile pamba ndefu ikiingia puani. Lakini PCR ni kongwe kuliko Covid, na kongwe kuliko mimi. Kazi yake ni kunakili DNA. Kwenye tone la damu au mate, DNA unayotafuta huwa kidogo mno, huwezi kuiona wala kuipima. Kwa hivyo unaitolea nakala mpaka iwe nyingi.

Fikiria DNA kama zipu ya jaketi. Hatua ya kwanza, unaipasha joto hadi karibu nyuzi 95 na zipu inafunguka, pande mbili zinaachana. Hatua ya pili, unapoza hadi nyuzi 55 hivi, ili vipande vifupi vinavyoitwa praima vijishike pale unapotaka kunakili. Hatua ya tatu, unapandisha hadi nyuzi 72, na kimeng'enya kinajenga upande uliokosekana. Zipu moja imekuwa mbili. Unarudia: nne, nane, kumi na sita. Ukifika mzunguko wa 30, una nakala zaidi ya bilioni moja. Piga hesabu kwa simu yako kama huniamini.

Sasa rudi kwa lile yai. Linaiva kwa sababu ute wake ni protini, na protini ikipata joto kali inaharibika, hairudi tena kuwa ute. Vimeng'enya vingi pia ni protini. Kwa hivyo PCR ya mwanzo ilikuwa na shida ya kuchekesha: kila ukifungua zipu kwa nyuzi 95, kimeng'enya kinaiva kama yai. Unafungua kichupa, unaongeza kingine. Mizunguko 30, mara 30. Hiyo kazi unaweza kuifanya kwa sampuli chache, si kwa hospitali nzima.

Suluhisho lilikuwa limeshapatikana miaka mingi kabla. Wenyewe tu hawakujua kwamba ni suluhisho.

Mwaka 1966, Thomas Brock wa Chuo Kikuu cha Indiana alikuwa akichunguza chemchemi za maji moto katika mbuga ya Yellowstone, pamoja na mwanafunzi wake Hudson Freeze. Freeze hakuwa na digrii hata moja bado, alikuwa kijana wa shahada ya kwanza. Kutoka chemchemi inayoitwa Mushroom Spring walipata bakteria anayestawi kwenye maji ya nyuzi 70 hivi. Mwaka 1969 wakamtangaza kwa jina Thermus aquaticus, na wakaweka sampuli kwenye hifadhi ya vimelea ambapo mtafiti yeyote angeweza kuagiza.

Angalia hapo. Hawakuwa wanatafuta dawa wala biashara. Walitaka kujua tu uhai unaweza kuvumilia joto kiasi gani. Ukimwambia mzazi wa Kikenya hiyo ndiyo kozi yako, atakuuliza utakula nini.

Mwaka 1976, mwanafunzi mwingine, Alice Chien, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cincinnati wakatoa kutoka kwa bakteria huyo kimeng'enya kinachojenga DNA, na kinachofanya kazi kwenye joto kali bila kuharibika. Leo kinaitwa Taq. Hilo nalo likachapishwa, likakaa.

Halafu mwaka 1983, Kary Mullis, mkemia wa kampuni ya Cetus huko California, akiwa anaendesha gari usiku, akapata wazo la kunakili DNA kwa mizunguko. Wazo lilikuwa lake, lakini kulifanya lifanye kazi ilihitaji timu nzima. Watu wa Cetus wakakumbuka bakteria wa Yellowstone, wakaagiza sampuli, wakatoa Taq. Sasa unaweka kimeng'enya mara moja, unafunga kichupa, mashine inapasha na kupoza yenyewe mpaka mwisho. Kufikia 1989, jarida la Science liliichagua Taq kuwa Molekuli ya Mwaka.

Tuongee pesa. Mullis alipewa na kampuni bonasi ya dola 10,000, kisha mwaka 1993 akashinda Nobeli ya Kemia. Mwaka 1991 Cetus waliuza haki za PCR kwa kampuni ya Uswisi, Hoffmann-La Roche, kwa dola milioni 300. Yellowstone, mbuga ya umma ambako bakteria alitoka? Sufuri. Hakukuwa na mkataba wowote, kwa hivyo hakukuwa na cha kudai.

Na hapa Kenya PCR si stori ya watu wa mbali. Mtoto akizaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi, kipimo cha kawaida hakisaidii, kwa sababu mtoto hubeba kingamwili za mama kwa miezi mingi. Ni PCR, kwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi, inayoweza kusema ukweli akiwa na wiki sita. Mtu wangu wa karibu aliwahi kusubiri jibu hilo. Sitasema zaidi, ila zile siku sitazisahau. Na cha ajabu, Mullis huyo huyo alikuja kukana kwamba HIV inasababisha Ukimwi. Alikosea vibaya sana. Chombo kilichotokana na wazo lake ndicho kinachookoa watoto kutokana na kitu alichokikana.

Basi turudi Bonde la Ufa. Miaka ya 1990, watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli za bakteria kwenye maziwa yetu ya magadi. Vimeng'enya vilivyopatikana huko vikaishia mikononi mwa kampuni ya Genencor, vikaingia kwenye biashara ya sabuni na ya kupausha jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likajitokeza hadharani kudai sehemu ya faida. Kampuni ikakana kosa. Ni stori ya Yellowstone tena, ila safari hii ni kwetu.

Baadaye tuliamka kidogo. Mwaka 2006 Kenya ikatunga kanuni kwamba anayetaka rasilimali za kijenetiki lazima apate kibali na kukubaliana kuhusu kugawana faida. Mwaka 2007 KWS ikatia saini mkataba na kampuni ya Novozymes. Mwaka 2010 dunia ikapitisha Itifaki ya Nagoya kuhusu jambo hilo hilo. Poa.

Lakini mimi nina maswali mawili.

La kwanza: tukisema "ni yetu", sisi ni nani? Jamii ya Waendorois iliondolewa kando ya Bogoria miaka ya 1970 ili hifadhi ianzishwe. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikasema walidhulumiwa. Ukilalamikia mzungu aliyebeba matope ya ziwa, lalamikia pia Nairobi iliyobeba ziwa zima. Mgao ukija, mwenye kuanza kupata anajulikana.

La pili: kibali kinatupa mrabaha, hakitupi maarifa. Pesa ya Yellowstone haikupotea siku Freeze alipochota maji. Ilitengenezwa pale mtu alipojua cha kufanya na kile kilichochotwa. Watafiti wetu, wakiwemo wa JKUAT, wamekuwa wakichunguza bakteria wa maziwa haya kwa miaka. Nani kati yetu anawafuata? Mimi niliacha chuo, sina haki ya kumhubiria mtu kuhusu digrii. Ila Freeze alikuwa na rika letu, na swali lake halikuwa na soko lolote. Nchi ambayo inafadhili tu maswali yenye soko leo itaendelea kununua majibu kwa bei ya wengine.

Kwa hivyo ukienda Bogoria, chemsha mayai yako, piga picha. Yai litaiva kwa sababu protini zake zimeshindwa na joto. Hapo kando yake, kwenye maji hayo hayo ya moto, kuna viumbe ambao hawajashindwa.

Wewe ungeanza na nini: sheria kali zaidi, au maabara karibu na ziwa? Niambie, na utoe sababu.