Virusi vya UKIMWI (VVU)

Virusi vya UKIMWI (VVU) hushambulia kinga ya mwili, hasa chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4. Vilitambuliwa mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur, Paris. Mwaka huohuo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera.

Maambukizi. VVU huenezwa kwa kujamiiana bila kinga, kuchangia sindano au nyembe, kuongezewa damu yenye virusi, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha. Haviambukizwi kwa kushikana mikono, kula pamoja wala kuumwa na mbu.

Athari. Virusi huingia ndani ya CD4, huzaliana humo na kuziangamiza. Bila matibabu, kinga hudhoofika kwa miaka kadhaa hadi magonjwa nyemelezi, kama kifua kikuu, yajitokeze. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo UKIMWI.

Matibabu. Dawa za kufubaza virusi (ARV) haziponyi, lakini hurejesha kinga. Anayezitumia kila siku hadi virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.