Kwa nini tairi haliyeyuki: historia fupi ya kurejesha mpira

Chupa ya plastiki ukiipasha moto inayeyuka, na unaweza kuifinyanga upya. Tairi je? Litaungua tu na kufukiza moshi mweusi mtaa mzima. Tatizo hili lina mwaka wake wa kuzaliwa: 1839.

Mwaka huo Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hauyeyuki tena juani wala kukakamaa kwenye baridi. Salfa hujenga madaraja kati ya minyororo mirefu ya molekuli, yote ikashikana kama wavu. Kwa sisi waandishi wa programu, ni kama kukompaili: kwenda mbele ni rahisi, kurudi kwenye msimbo ulioandika ndiyo balaa.

Hata hivyo watu walijaribu. Mwaka 1858 Hiram Hall alipata hataza ya kusaga mpira mkuukuu na kuupika kwa mvuke. Lakini bidhaa nyingi za mpira zilikuwa na kitambaa ndani, kwa hiyo mwaka 1881 Chapman Mitchell akatumia asidi kuula huo uzi. Mwaka 1899 Arthur Marks akaupika mpira kwa shinikizo ndani ya kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni. Ikaondoa nyuzi pamoja na salfa iliyobaki bila kushikana na mpira.

Mwaka 1942 ujuzi huo ukawa silaha. Japani ilipoteka Malaya na Indonesia, Marekani ilipoteza karibu asilimia 90 ya mpira wake wa asili. Rais Roosevelt akawaomba raia wapeleke mpira mkuukuu kwenye vituo vya petroli kwa senti moja kila paundi. Zikakusanywa tani 450,000 hivi.

Lakini kasoro ilibaki pale pale. Joto na kemikali hizo hazichagui: zinakata madaraja ya salfa, na minyororo yenyewe pia. Mpira unaopatikana ni dhaifu kuliko ule wa kwanza. Baada ya vita, mpira wa kutengenezwa kwa mafuta ukawa rahisi na matairi yakatiwa nyaya za chuma, basi biashara ya kurejesha ikanywea.

Fundi wetu wa akala aliukwepa mtego huu kabisa. Anakata tairi kwa kisu, hapiki chochote. Madaraja yanayomsumbua mkemia ndiyo yanayofanya akala zidumu miaka.

Je, yupo mkemia hapa wa kutueleza jinsi ya kukata madaraja bila kugusa minyororo?