Hodi Mlangoni mwa Moyo

Mtu akikutana na nyoka njiani, moyo humdunda kabla hata hajaamua akimbilie wapi. Wazee wetu walilijua hilo bila kuelezwa na mtaalamu. Lililochelewa kujulikana ni namna moyo unavyopata habari. Tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Hilo lilifahamika tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini adrenalini hiyo hiyo hukaza baadhi ya mishipa na kulegeza mingine, huuharakisha moyo na papo hapo huitanua mirija ya pumzi. Mjumbe ni mmoja, na kila nyumba humjibu kivyake. Kwa nini?

Mwaka 1905 John Langley wa Cambridge alidai kwamba katika seli mna kitu maalumu cha kuipokea dawa. Kitu hicho hakuna aliyekuwa amekiona, na kwa miaka mingi wapo waliokichukulia kuwa njia tu ya kusema. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, mtafiti wa jimbo la Georgia huko Marekani, alizijaribu kemikali chache za jamii ya adrenalini juu ya viungo mbalimbali vya wanyama, akazipanga kwa nguvu zake. Akapata mipangilio miwili tu. Basi, akasema, vipokezi ni vya aina mbili, alfa na beta. Jarida la kwanza alilolipelekea makala hiyo liliikataa. Nami humpenda bwana huyu kwa jambo moja: hata mwaka 1973, dunia ilipokwisha kumkubali, aliandika kwamba kwake yeye vipokezi vilikuwa wazo tu, si vitu vya kushikika.

Aliyeligeuza wazo hilo kuwa kidonge ni Mskoti, James Black. Baba yake alikufa kwa mshtuko wa moyo baada ya ajali ya gari, na inasemekana kifo hicho kilimkaa rohoni. Madaktari wa siku zile walitaka kuuongezea damu moyo wenye maumivu. Black aliligeuza swali: kwa nini tusiupunguzie kazi? Adrenalini ikija kupiga hodi, ikute mlango wa beta una mtu mwingine amesimama kizingitini, haingii wala hatoki. Alianza kazi hiyo mwaka 1958 katika kampuni ya ICI ya Uingereza. Dawa ya kwanza iliachwa baada ya kuonekana inaleta uvimbe wa saratani katika panya. Ya pili ilikuwa propranolo, iliyoanza kutumika katikati ya miaka ya 1960 na ambayo ingali ikitumika. Mwaka 1988 Black alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Ila mlango wa beta hauko moyoni peke yake. Marehemu mama yangu alikuwa na pumu, na uzeeni akapata shinikizo la damu. Zahanati moja, ambayo haina haja ya kutajwa, ilimpa propranolo. Usiku wa pili tulimkuta ameketi kitandani, mikono magotini, akiitafuta pumzi kama mtu aliyezama. Daktari wa hospitali alitazama pakiti, akaitia mfukoni mwake, akasema: "Hii asipewe tena mama." Kisha akampa salbutamo ya kuvuta. Baadaye nilisoma kwamba dawa zile mbili huenda mlango mmoja: moja huufunga, nyingine huufungua. Mwaka 1967 watafiti walikuwa wameigawa beta mara mbili, ya kwanza zaidi ya moyo, ya pili zaidi ya mapafu, na salbutamo ya mwaka 1969 ilitengenezwa kuielekea hiyo ya pili. Propranolo haibagui.

Wakati huo Robert Lefkowitz, naye daktari wa moyo, alikuwa akivisaka vipokezi kwa kemikali zenye mnururisho. Mwaka 1986 yeye, Brian Kobilka na wenzao waliisoma jeni ya kipokezi cha beta ya pili. Walikuta mnyororo wa protini unaopenya ukuta wa seli mara 7, tena unafanana na kile kipokezi cha jichoni kinachopokea mwanga. Kumbe ni ukoo mmoja! Leo tunajua kwamba ukoo huo una jamaa wapatao 800 katika mwili wa binadamu, wakiwamo wa kunusa, na kwamba takriban theluthi ya dawa zilizoidhinishwa Marekani hufanya kazi kupitia kwao. Adrenalini yenyewe haiingii ndani. Hugusa kipokezi kwa nje, nacho hujikunja na kuiamsha protini iitwayo G, inayosubiri upande wa pili. Mwaka 2011 kikundi cha Kobilka kilipata picha ya viwili hivyo vikiwa vimeshikana, na mwaka uliofuata yeye na Lefkowitz wakatunukiwa Nobel.

Ahlquist hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1983, miaka mitatu kabla jeni haijasomwa. Na katika ukoo ule wamo jamaa wapatao 100 ambao hadi leo haijulikani ni nani huwapigia hodi. Wataalamu huwaita vipokezi yatima.